Kutandika nyasi uwanjani: udongo wako wa juu uko wapi?

Mgodi wa shimo la wazi, kabla haujaligusa jiwe, huanza na udongo. Tabaka la juu, lile lenye mizizi, minyoo na mbolea ya majani yaliyooza, hukwanguliwa na kurundikwa mbali, kwa sababu siku mgodi ukifungwa ndilo litakalorudishwa juu ya vilima vya mawe ili mimea iote tena. Buzwagi, jirani yetu hapa Kahama, ilitoa dhahabu kuanzia mwaka 2009 hadi ilipofungwa mwaka 2021. Mwenye kuhamisha mlima mzima kwa mitambo bado anautenga udongo wa sentimita chache za juu, maana anajua hakuna mtambo wa kuutengeneza mwingine.

Sasa njoo kwenye kiwanja cha nyumba Mwendakulima, Nyasubi au Nyahanga. Fundi anachimba msingi, na udongo wa chini anaumwaga juu ya ule mzuri. Saruji inakorogwa hapo hapo chini, kokoto zinasambaa, vipande vya matofali vinafukiwa, halafu lori linaleta kifusi cha moramu kusawazisha. Nyumba ikiisha, mwenye nyumba anakodi kenta, nyasi zinatoka Mwanza, zinatandikwa juu ya kifusi hicho. Wiki ya kwanza uwanja unapendeza. Wiki ya tatu unageuka njano. Baada ya mwezi na nusu utamsikia akisema udongo wa Kahama haukubali nyasi.

Unakubali. Tatizo ni kwamba umefukiwa.

Niliwahi kuitwa na mama mmoja wa hapa mjini, nyasi zake zikiwa zimekauka kama makuti. "Bwana shamba," akaniambia, "niongeze maji kiasi gani tena? Simtanki mbili zimekwisha wiki hii." Nikamwomba mtaimbo. Chini ya nyasi, kina cha vidole viwili, mtaimbo ulilia kama umegonga sakafu, na kweli ilikuwa sakafu: pale ndipo mafundi walipokuwa wakikorogea zege. Maji yote aliyomwaga yalikuwa yakitambaa juu na kwenda kwa jirani. Nilimwonea uchungu, kwa sababu fedha aliyoitumia kununua nyasi ingetosha kutengeneza udongo na kubaki.

Kwa hiyo shughuli ya kwanza ni kuchimba vishimo vitano au sita, kila kimoja kina cha koleo, sehemu mbalimbali za uwanja, na kuangalia kilichomo. Wasukuma wana majina ya udongo ambayo hata wataalamu wa ardhi wameyatumia katika maandishi yao, na ni vema uyajue. Luseni ni ule wa kichanga, mwepesi, unaotokana na miamba ya vilimani. Nyasi hushika haraka humo lakini maji na mbolea hupita kama kwenye chujio. Ukishuka mteremko unakutana na itogolo, ambao juu unaonekana wa kawaida ila chini una tabaka gumu lisilopitisha maji wala mzizi. Bondeni kabisa kuna mbuga, mfinyanzi mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi hadi mguu wa mbuzi unazama kwenye ufa.

Kila mmoja una dawa yake. Luseni hutaka samadi nyingi. Itogolo hutaka sururu: lile tabaka gumu lazima livunjwe, vinginevyo unapanda nyasi kwenye sahani. Mbuga ndio unaowadanganya wengi. Mtu akiona mfinyanzi, wazo la kwanza ni kuongeza mchanga, na akiongeza toroli mbili tatu anapata kitu kinachokaribia tofali. Mfinyanzi hulainishwa na samadi na majani yaliyooza, msimu baada ya msimu. Tena ufanyie kazi ukiwa na unyevu wa wastani. Ukiulima umelowa unaufinyanga, ukiulima mkavu unavunja mpini.

Kuhusu mchanga, nina neno zito kwa wasomaji wa ukanda huu wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita. Usisawazishe uwanja wako kwa marudio, ule mchanga unaobaki baada ya dhahabu kukamatwa. Najua yapo karibu, ni laini kama unga, na mwenye mwalo wa kuoshea dhahabu anaweza kukupa bure ayaondoe mbele ya karasha lake. Lakini mchanga huo umepita kwenye zebaki, na sehemu ya zebaki hubaki ndani yake. Mwingine umepitia sayanaidi, na mawe yenyewe ya dhahabu mara nyingi huja na madini mengine yenye sumu. Zebaki haiozi. Huharibu mishipa ya fahamu, na anayeathirika zaidi ni mtoto, ndiye huyo huyo atakayegaagaa juu ya nyasi zako. Dunia ilitia saini mkataba wa kudhibiti zebaki mwaka 2013 na kuuita Minamata, jina la mji wa Japani ambako watu walilemaa na kufa kwa kula samaki wenye sumu hiyo. Sisi hatuhitaji kusafiri hadi Japani kujifunza. Kama kiwanja chako zamani kilikuwa mwalo, usioteshe nyasi kwa kubahatisha. Zungumza kwanza na ofisa mazingira wa halmashauri.

Turudi kwenye udongo safi. Ondoa mawe, misumari, mifuko ya saruji na mabaki ya zege. Tifua sentimita 15. Mwaga samadi unene wa sentimita 5 na uichanganye. Katika mkoa wenye ng'ombe kama Shinyanga samadi si tatizo, tatizo ni haraka: mbichi huunguza mizizi, huleta mchwa, na imejaa mbegu za magugu yote ambayo ng'ombe alikula. Irundike, iloweshe, igeuzegeuze miezi mitatu au minne hadi ikose harufu. Kisha sawazisha kwa reki, na kwa kamba na pima maji hakikisha uwanja unainama kutoka kwenye nyumba, sentimita moja hadi mbili kwa kila mita, ili mvua isije ikalala kwenye msingi. Uso wa udongo uwe chini ya kibaraza kwa sentimita mbili au tatu, ndio unene wa kipande cha nyasi. Mwagilia, acha siku kumi magugu yachomoze, yang'oe. Baada ya hapo ndipo uagize nyasi.

Nyasi gani? Kwa jua la huku, jibu langu halijabadilika miaka yote: ukoka. Wataalamu wa mimea huuita Cynodon dactylon. Unatambaa juu na chini ya ardhi, unavumilia ukame kwa kulala na kuamka mvua ikirudi, na unastahimili kukanyagwa. Ndugu yake chotara, aliyezalishwa Tifton, jimbo la Georgia huko Marekani, kwa kuuchanganya na ukoka wa Afrika Kusini, ametandikwa kwenye viwanja vya mpira sehemu nyingi za dunia. Mkulima wa mahindi anaulaani ukoka, na ana haki. Sifa ile ile inayomtesa ndiyo tunayoitafuta uwanjani. Kasoro yake ni kivuli. Chini ya mwembe au mwarobaini, pasipofika saa sita za jua kwa siku, ukoka hunyong'onyea. Hapo weka nyasi za Pemba, zile za jani pana zilizozoea vivuli vya pwani, ukikumbuka kwamba zinapenda maji zaidi. Wapo wanaoleta nyasi za Kikuyu baada ya kuziona Nairobi au Arusha. Zile ni za nyanda za juu zenye ubaridi, na Kahama, kwenye mita 1,200 hivi na kiangazi chetu, zitakudai maji kila siku ya maisha yake.

Nyasi zilizokatwa na udongo wake ni kiumbe hai kinachopumua. Zikirundikwa kwenye lori zinatoa joto, na katikati ya rundo huiva zenyewe. Kuanzia kukatwa hadi kutandikwa isizidi siku moja. Safari iwe ya usiku, na alfajiri watu wawe tayari na reki mkononi. Ukipokea mzigo, tia mkono katikati. Kama unaunguza na harufu ni ya uchachu, ukatae.

Utandikaji wenyewe fundi ujenzi ataufurahia, kwa sababu ni sawa na kupanga matofali. Anza na mstari ulionyooka, kando ya kibaraza au kamba, na mstari wa pili uuanzishe na nusu kipande ili kiungo kisikutane na kiungo. Kingo zigusane kabisa bila kupandana. Penye mteremko panga mistari ya kuukata mteremko, na kila kipande kichomee vijiti viwili. Simama juu ya ubao, usikanyage udongo uliousawazisha. Jaza nyufa kwa udongo mwepesi, kisha viringisha pipa lenye maji nusu juu ya nyasi, kwa sababu mzizi unaoning'inia hewani hufa siku hiyo hiyo.

Halafu maji. Hapa watu wengi hukadiria kwa macho, kumbe hesabu ni rahisi. Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Uwanja wa mita 10 kwa 5 una mita za mraba 50. Wiki mbili za kwanza unahitaji kama milimita 5 kwa siku, yaani lita 250, ambazo ni ndoo kubwa 12 na nusu, zigawanywe asubuhi, mchana na jioni. Baada ya hapo punguza mara, ongeza kiasi: lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki, kwa mikupuo miwili, ili mizizi ishuke kuyafuata maji. Hiyo ni lita 1,250 kwa wiki, zaidi ya simtanki ya lita elfu moja. Maji ya Ziwa Victoria yaliyofika Kahama na Shinyanga mwaka 2009 yanavutwa kutoka Ihelele, wilaya ya Misungwi, yanasafishwa, yanasukumwa mwendo mrefu hadi bombani kwako. Kuyamwaga Agosti juu ya nyasi changa ni hasara kwako na kwa mji. Maji ya kusuuzia nguo yanafaa. Yale ya kwanza yenye povu la sabuni usiyatumie kwenye mfinyanzi, chumvi zake huugandisha.

Ndiyo maana nasema tandika mvua zikishatulia, kuanzia mwishoni mwa Novemba, uipe mizizi miezi yote hadi Aprili. Jihadhari tu na siku za jua kali zinazokatisha mvua Januari au Februari; usilaze mpira wa maji ukadhani msimu umemaliza kazi. Na ukisikia viwavijeshi wameonekana wilayani, kagua nyasi jioni: ukoka mchanga ni chakula wanachokipenda, na wakiwa wengi huumaliza uwanja kwa siku chache.

Katika wiki za kwanza baada ya kutandika, funga uwanja kama ngitili. Wasukuma hufunga malisho mvua zinapoanza na kuyafungua kiangazi, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofanya kazi kuanzia mwaka 1986 hadi 2004, uliirudisha mikoani huku miti na majani kwa kuuheshimu utaratibu huo wa wazee. Mbuzi, pikipiki na mpira wa watoto visubiri. Siku ya 14 vuta kona ya kipande taratibu. Ikigoma, mizizi imeshuka. Nyasi zikifika urefu wa sentimita 6 au 7 kata kwa mara ya kwanza, usiondoe zaidi ya theluthi moja.

Nikiulizwa na mwenye fedha kidogo, humwambia asinunue vipande vya uwanja mzima. Tandika mbele ya kibaraza na kwenye mteremko unaomomonyoka. Kwingine pasua vipande, panda vikonyo vya ukoka kwa nafasi ya sentimita 15 hadi 20 mvua zikinyesha. Mita moja ya mraba inatosha kupanda mita kumi na zaidi, na ndani ya miezi miwili au mitatu vinafungana. Na usizibe uwanja wote. Mama zetu walifagia uwanja ukabaki mweupe kwa sababu nzuri: nyoka huonekana, na mpunga huanikwa. Acha sehemu ya kufagia.

Kama unasoma haya kiangazi na umeshapanga kukodi kenta, tafadhali subiri. Fedha hiyo nunulia samadi, uirundike leo. Kama bado hujaanza kujenga, mwambie fundi kesho asubuhi, kabla ya jembe la kwanza la msingi, akwangue udongo wa juu na kuurundika kwenye kona ya kiwanja.