Metodi katika Rust: Kusoma, Kubadili, Kuchukua

Metodi ni funksheni iliyofungamanishwa na aina fulani ya data. Katika Rust, lugha ya kuandikia programu za mifumo ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Mei 2015, mwandaaji programu huunda aina yake mwenyewe kwa neno struct, kisha huiandikia metodi ndani ya fungu linaloanza na neno impl.

Mfano mwepesi ni akaunti ya fedha. Struct iitwayo Akaunti huweza kubeba vitu viwili: jina la mwenyewe, ambalo ni String, na salio, ambalo ni namba. Metodi zake ni tatu: salio, weka na funga. Zinatofautiana kuanzia kigezo cha kwanza, self, yaani akaunti yenyewe inayoshughulikiwa.

Metodi ya salio hupokea &self. Huiazima akaunti kwa kuisoma tu, na wasomaji wengine wanaweza kuisoma wakati huohuo. Metodi ya weka hupokea &mut self, yaani huiazima kwa ruhusa ya kuibadili; azima hiyo ikiendelea, hakuna sehemu nyingine ya programu inayoruhusiwa kuigusa. Akaunti yenyewe nayo sharti iwe imetangazwa kwa let mut. Metodi ya funga hupokea self bila alama yoyote: haiazimi, bali huchukua umiliki moja kwa moja. Atakayejaribu kuweka fedha kwenye akaunti iliyokwisha kufungwa atazuiwa na kompaila, kabla programu haijaendeshwa hata mara moja.

Metodi huitwa kwa nukta, kama akaunti.weka(500). Katika C++, mwitaji hutumia nukta kwa kitu chenyewe na mshale kwa kielekezi chake. Rust haina mshale huo; huongeza yenyewe alama ya & au &mut panapohitajika.

Ndani ya impl huweza pia kuwemo funksheni isiyo na self. Hiyo si metodi, na huitwa kwa nukta pacha mbili, kama Akaunti::mpya. Aghalabu kazi yake ni kuunda kitu kipya, na wengi huiita new. Jina hilo ni desturi tu, si neno maalumu la lugha.

Kwa hiyo, mstari wa kwanza wa metodi unatosha kumjulisha msomaji kama data yake itasomwa, itabadilishwa au itachukuliwa kabisa.