Ulipie Kipimo Gani cha Chakula Kinachokusumbua?

Mtu anakula chapati na maharage ya nazi saa saba mchana, magharibi tumbo linaanza kujaa gesi. Kesho yake kichwa kizito, ngozi inawasha, na hajui alaumu nini: chapati, maharage, au chai ya maziwa aliyokunywa asubuhi. Adha hii inayokuja saa nyingi baada ya mlo ndiyo inayouziwa vipimo vya kila aina, na mkazi wa Raskazone hapa Tanga mwenye simu mkononi anaweza kuvilipia bila kutoka barazani. Swali ni kipi kinastahili pesa yake.

Kinachotangazwa sana ni kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili za IgG dhidi ya vyakula mia moja, mia mbili au zaidi. Unachoma kidole, unadondosha damu kwenye karatasi, sampuli inasafirishwa hadi maabara ya Ulaya au Marekani, na majibu yanarudi kama orodha ya rangi: nyekundu acha, njano punguza, kijani kula. Kifurushi cha dola 200 ni zaidi ya shilingi laki nne, na hapo hujalipia kutuma sampuli.

Kingamwili hizo zipo kweli. Kosa liko kwenye tafsiri. Mwili hutengeneza IgG dhidi ya chakula unachokila mara kwa mara. Anayekula samaki, nazi na ngano kila wiki ana kila sababu ya kuviona kwenye wekundu, hata kama havijawahi kumdhuru. Zaidi ya hapo, kwa watoto wanaopona mzio wa maziwa, IgG4, ambayo ni aina mojawapo ya IgG, mara nyingi hupanda wakati mwili unapozoea kuyapokea. Ndiyo maana jumuiya ya madaktari wa mzio ya Ulaya ilitoa tamko mwaka 2008 kwamba kipimo hiki kisitumike kutambua tatizo la chakula, na wenzao wa Canada wakasema hivyo hivyo mwaka 2012. Gharama yake haiishii kwenye laki nne. Mama anayeambiwa amwachishe mtoto mayai, maziwa na samaki kwa mpigo ataziba pengo hilo kwa nini? Hapo ndipo ninapokerwa hasa, kwa sababu anayelipa deni ni mtoto.

Kuna pia ile mashine ya kompyuta ya wauza virutubisho: unashika fimbo ya chuma, dakika chache baadaye unapewa kurasa za majibu kuhusu ini, figo na vyakula usivyopatana navyo. Haikuchukua damu, choo wala pumzi. Hata ikiwa bure usiikubali, maana bili yake ipo kwenye makopo utakayouziwa baadaye.

Kipimo cha IgE, kingamwili ya aina nyingine, kiwe cha damu au cha kuchoma ngozi, ni kipimo halali cha hospitali, ila kina kazi yake. Kinafaa kwa mzio wa haraka: umekula kamba au karanga, na ndani ya dakika chache hadi saa mbili midomo imevimba, mwili una mabaka, pumzi inabana. Pumzi ikibana usisubiri kipimo, kimbilia hospitali. Kwa tumbo linalojaa jioni, IgE haitakuambia kitu. Na kwa samaki, tahadhari: jodari au vibua waliokaa juani hujenga histamini ambayo moto wa jikoni hauiondoi, na mlaji hupata wekundu na kuwashwa kama mwenye mzio. Aliyepatwa na hilo mara moja hana haja ya kuacha samaki maisha yake yote. Anunue waliohifadhiwa kwenye barafu tangu chomboni.

Maziwa ndiyo mshukiwa wa kwanza wa kuchunguza. Karibu theluthi mbili ya watu duniani hawameng'enyi vizuri laktosi, yaani sukari ya maziwa, wakishakuwa wakubwa. Mwaka 2007 timu ya mtafiti wa vinasaba Sarah Tishkoff ilichapisha utafiti wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan: waliwanywesha laktosi, wakapima sukari ya damu inavyopanda, na wakagundua mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha baadhi ya watu wa huku, hasa wa jamii za wafugaji, kunywa maziwa ukubwani. Kwa hiyo majirani wawili wa mtaa mmoja wanaweza kutofautiana kabisa. Ukiacha maziwa freshi wiki mbili ukapata nafuu, jaribu mtindi. Bakteria wake wameshakula sehemu ya laktosi, na wengi wanaosumbuliwa na maziwa huumudu.

Pesa ya kwanza, basi, iende hospitali, na Hospitali ya Bombo ipo pale pale njiani kuja Raskazone. Kipimo cha choo cha minyoo, amiba na giadia, na kile cha bakteria wa vidonda vya tumbo, havifiki hata karibu na bei ya kifurushi cha IgG, na vinatafuta maradhi yenye dawa. Giadia inaweza kumfanya mtu ashindwe maziwa kwa muda, kisha akalaumu chakula huku mdudu anaendelea. Daktari akishuku ugonjwa wa seliaki, yaani utumbo kudhurika kwa ngano, usiache ngano kabla ya kutoa damu, la sivyo majibu yatapotosha. Na ukiona damu kwenye choo, unakonda bila sababu au tumbo linakuamsha usiku, usianze majaribio ya chakula nyumbani.

Vipimo hivyo vikiwa safi, kinachobaki ni daftari. Andika mlo, saa na dalili kwa wiki mbili. Acha chakula kimoja unachokishuku kwa wiki mbili hadi nne, kisha kirudishe peke yake, kidogo kidogo, kwa siku tatu. Dalili zikirudi, umepata jibu. Zisiporudi, kirejeshe mezani uchunguze kingine. Vitunguu, maharage na ngano ni vya kuangaliwa mapema. Njia hii inataka subira, na kwa mtoto au mjamzito isimamiwe na daktari au mtaalamu wa lishe. Lakini kati ya yote niliyoyataja, kwa dalili zinazochelewa, hiki ndicho kipimo ninachokushauri, na bei yake ni ya daftari na kalamu.