Saa ya Kupima Mapigo ya Moyo: Tuchague Ipi, na Imtumikie Nani?



Siku hizi saa za mkononi zinazoonyesha mapigo ya moyo zinauzwa mijini kama zamani zilivyouzwa redio ndogo za betri. Vijana wetu wa timu za mpira na wa mbio za mwisho wa juma, kuanzia Minago hadi Rumonge, wanaziulizia. Wako walio tayari kutoa mshahara wa majuma mengi kwa saa moja. Kabla fedha ya jasho haijatoka mfukoni, tunapenda kueleza saa hizi zinafanyaje kazi, zinatofautiana vipi, na mfanyakazi ajihadhari na nini.

TUANZE NA VIDOLE VIWILI

Moyo ni pampu. Misuli ikifanya kazi inadai damu zaidi, na moyo unapiga upesi zaidi. Mtu mzima aliyepumzika huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika. Aliyezoea mazoezi anaweza kuwa chini ya 60 bila ugonjwa wowote.

Kuyahesabu hakuhitaji saa ya bei kubwa. Weka vidole viwili upande wa ndani wa kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Hesabu mapigo kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 2. Saa yoyote yenye mshale wa sekunde inatosha. Mfanyakazi asiyejua kuhesabu hivi hataweza kujua kama saa aliyouziwa inasema kweli au inamdanganya.

Kwa mazoezi kuna kanuni rahisi: chukua 220, utoe umri wako. Ndugu wa miaka 40 anapata 180, nacho ndicho kikomo chake cha makisio. Tunasema makisio kwa sababu watu wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana kwa mapigo 10 au zaidi. Mazoezi ya wastani ni yale yanayofikisha mapigo kwenye asilimia 64 hadi 76 ya kikomo hicho, yaani 115 hadi 137 kwa ndugu yetu huyu. Anayeanza mazoezi abaki hapo kwanza. Akiwa bado anaweza kuzungumza na mwenzake huku akikimbia, lakini hawezi kuimba, yuko mahali pake. Anayetumia dawa za shinikizo la damu amwulize daktari kwanza, maana baadhi ya dawa hizo hupunguza mapigo na kanuni hii haimfai.

SAA ZA AINA MBILI

Aina ya kwanza ina mkanda unaofungwa kifuani. Mkanda unanasa umeme mdogo unaotoka moyoni kila unapopiga, kisha unapeleka hesabu kwenye saa bila waya. Kampuni ya Polar ya Ufini ndiyo iliyotoa kipimo cha namna hii mwaka 1982, na wanariadha wakakipokea. Mkanda ndio sahihi zaidi, hata mtu akiruka au akikimbia mlimani. Ubaya wake ni kwamba unabana, unahitaji kulowanishwa kidogo ili ushike vizuri, na lazima uoshwe chumvi ya jasho. Mingi hutumia betri ndogo ya mviringo inayodumu miezi mingi.

Aina ya pili haina mkanda. Nyuma ya saa kuna taa ndogo, kwa kawaida ya kijani, inayomulika ngozi. Damu inapopita mwanga unaorudi unapungua, nayo saa inahesabu mabadiliko hayo. Ni rahisi kuvaa, na hufanya kazi vizuri mtu akiwa ametulia, akitembea au akikimbia kwa mwendo mmoja. Lakini mkono ukikaza na kutikisika, kama tunavyofanya tukiwa na panga, jembe au kasia, saa hupotea. Ikivaliwa kwa kulegea, au juu ya chale za wino, hupotea pia. Tena nyingi zinahitaji kutiwa umeme kila baada ya siku chache.

MASWALI MATANO KABLA YA KULIPA

Moja: ni kwa mazoezi gani? Kwa mbio, mkanda wa kifua ni bora. Kwa kutembea na kujua mapigo ya kupumzika, saa ya taa inatosha.

Mbili: umeme utatoka wapi? Mahali umeme unapokatika, saa inayotaka kulishwa kila usiku ni mzigo.

Tatu: inavumilia maji? Maandishi ya mita 50 yana maana ya maji yaliyotulia wakati wa majaribio. Hayana maana ya kuzamia ziwani nayo hadi kina hicho. Asiye na maandishi hayo kwenye saa yake asiogelee nayo.

Nne: inafanya kazi bila simu? Nyingine hazionyeshi lolote la maana mpaka ziunganishwe na programu ya simu, nayo programu inataka intaneti, jina na umri wako.

Tano: inasema kweli? Ijaribu dukani. Ivae ikiwa imekaza kidogo, hesabu mapigo kwa vidole ukiwa umekaa, linganisha. Kisha panda na kushuka ngazi dakika mbili, uhesabu tena. Ikipishana na vidole kwa pigo mbili tatu, ni sawa. Ikipishana kwa 20, mrudishie mwenye duka mali yake.

Na saa isichukue nafasi ya daktari. Mapigo ya asubuhi yakipanda ghafula kuliko kawaida yako, huenda ni uchovu, au homa inaingia. Huku kwetu ziwani, ambako malaria ni jirani, nenda kituo cha afya ukapimwe damu.

MAPIGO NA KAZI

Moyo haujui kama mtu anacheza mpira au anabeba mikungu ya michikichi. Anayechochea moto chini ya pipa la vichikichi, na anayesukuma mashine ya kukamulia mawese, moyo wake unafanya kazi mara mbili: kulisha misuli, na kupeleka damu kwenye ngozi ili joto litoke. Ndiyo maana kazi ileile inachosha zaidi saa saba mchana kuliko saa moja asubuhi.

Mwongozo uliotolewa na taasisi za Marekani mwaka 1985, kwa wafanyakazi wanaovaa mavazi mazito ya kujikinga, unaeleza hivi: mfanyakazi ahesabu mapigo mara tu anapoanza kupumzika. Yakizidi 110 kwa dakika, kipindi cha kazi kinachofuata kipunguzwe kwa theluthi moja, na mapumziko yabaki yaleyale. Anayefanya kazi ya nguvu kwenye joto anaweza kujifunza kwa kanuni hii, na vidole viwili vinatosha kuitumia.

Lakini hapa ndipo penye hatari. Namba inayomlinda mfanyakazi inaweza pia kumfukuza. Mwajiri akigawa saa hizi bure, tuulize kwanza: namba zinakwenda wapi? Anaziona daktari, au anaziona kapita? Mwenye mapigo ya juu atapewa maji na kivuli, au ataambiwa ni dhaifu na jina lake likatwe? Habari za moyo wa mtu ni habari za afya yake, ni siri yake. Zisitolewe bila mapatano ya maandishi kati ya wafanyakazi na mwajiri, yanayotaja nani ataziona, kwa kazi gani, na kwamba hakuna atakayeachishwa kwa ajili yake.

Mwezi Juni 1992? La, haki hii si ya kale. Ni ya juzi tu: Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliweka mazingira salama na yenye afya kazini miongoni mwa haki za msingi za wafanyakazi. Basi kudai maji, kivuli na mapumziko si kuomba hisani.

Ndugu, Vénuste Niyongabo alipoipatia Burundi dhahabu ya mita 5,000 huko Atlanta mwaka 1996, medali ya kwanza ya Olimpiki ya nchi yetu, miguu na mazoezi ndivyo vilivyoshinda. Saa ni chombo tu. Asiye na fedha ya kuinunua hajapungukiwa: ahesabu kwa vidole, aandike kwenye daftari mapigo ya asubuhi na ya baada ya kazi. Wafanyakazi kumi wa zamu moja wakifanya hivyo kwa mwezi mmoja, mjumbe wao ataingia kwenye mazungumzo akiwa na hesabu mkononi.