Mawe yanaandika nani alipotea

Bandugu, huku Masisi ukichimba shimo kwenye majivu ya volkeno, tabaka lililoanguka kwanza liko chini. Mawe ya mchanga na matope nayo yanasomwa vile vile.

Kule Ruhuhu, kusini mwa Tanzania, tabaka za Usili zina mifupa ya gorgonopsi, nyama mkali wa meno marefu. Panda kwenye tabaka za Manda: hayuko tena. Katikati, miaka milioni 252 iliyopita, volkeno za Siberia zilitoa hewa ya ukaa nyingi, dunia ikaunguzwa na joto, bahari ikakosa oksijeni.

Mimi kama agronome, nimeona shamba lililofunikwa na majivu likirudia kuzaa. Gorgonopsi hakurudi. Gorila wa Walikale akiisha, naye ni vile vile.