Kilimohai: Shamba la Nyuma ya Jikoni Lapata Jina

Ukishuka Matungu kutoka Mumias, magharibi mwa Kenya, kinachokupokea ni miwa: kulia miwa, kushoto miwa, hadi mto Nzoia. Lakini zunguka nyuma ya jikoni katika boma la Wawanga, utakuta shamba la pili. Hapo pana mboga za kienyeji, lisutsa, tsisaka, likhubi na murere, udongo wake umelishwa samadi ya ng'ombe na majivu ya mekoni. Kwa miaka hamsini tumehesabu shamba la mbele tu, na hili la nyuma, lililotulisha, tukaliita kajishamba ka mama.

Kiwanda cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka 1973. Mkulima alikopeshwa mbegu na mbolea, akangoja mwaka mmoja na nusu au zaidi, kisha akakatwa deni siku ya malipo. Mbolea ile ile ya dukani, msimu baada ya msimu, huuachia udongo uchachu. Kwenye ardhi iliyochoka namna hiyo ndipo hustawi kiduha, gugu lenye maua mazuri ya waridi linalofyonza mahindi kutoka mizizini. Septemba 2019 kampuni ya Mumias, ikiwa imelemewa na madeni, iliwekwa chini ya msimamizi aliyeteuliwa na benki. Familia nyingi ziligeuka kutazama nyuma ya jikoni.

Waliolitazama shamba hilo mapema walikuwepo. Mwaka 1984 kituo cha Manor House kilianzishwa karibu na Kitale, kikafundisha kuchimba udongo kwa kina maradufu ili kishamba kidogo kilishe nyumba nzima. Mwaka 1986 John Njoroge alianzisha Taasisi ya Kilimo Hai ya Kenya, KIOF. Huko mkulima alifundishwa kupanga mboji kwa tabaka: mabua makavu chini, majani mabichi, samadi, majivu kidogo, udongo wa juu, kisha maji. Majani hayo yanaweza kuwa ya tithonia, yale maua ya manjano machungu yaliyojaa kando ya njia zetu.

Kisha huchomekwa fimbo ndefu katikati ya lundo. Baada ya siku chache unaichomoa na kuishika. Ikiwa ya moto na yenye unyevu, lundo linafanya kazi. Ikitoka kavu, yenye ukungu mweupe, lundo lina kiu. Ikitoka baridi, lipange upya. Kipimo hiki hakihitaji maabara, na nyanya asiyejua kusoma anakisoma kwa kiganja.

Vikundi vya kilimo hai vilikuwa vingi, kila kimoja na njia yake, hadi mwaka 2005 vilipounganishwa na chama cha kitaifa: Mtandao wa Kilimo Hai Kenya, KOAN, unaokusanya wakulima, wasindikaji, wauzaji na taasisi za mafunzo. Miaka miwili baadaye Afrika Mashariki ikapata kiwango chake cha kilimo hai, cha pili cha kikanda duniani baada ya kile cha Umoja wa Ulaya, pamoja na alama ya pamoja: Kilimohai. Neno hilo hatukuliazima kwa mtu. Ni Kiswahili chetu wenyewe, na mnunuzi wa Kampala, Nairobi au Arusha ataliona kwenye bidhaa ile ile.

Alama ya namna hiyo haipatikani kwa mdomo. Ukaguzi wa kampuni za vyeti ni ghali kwa mwenye robo ekari, ndiyo maana KOAN huendeleza utaratibu wa wakulima kukaguana. Kikundi huandika masharti yake, wanachama hutembeleana shamba kwa shamba, na anayeficha dawa ya sumu ghalani huonwa na jirani kabla ya mwingine yeyote.

Hapa ndipo Matungu inapohusika. Dawa ya kuua magugu inayonyunyiziwa miwa haisimami kwenye ua. Upepo huipeleka moja kwa moja kwenye likhubi la jirani. Mtu mmoja hawezi kulima kilimohai peke yake katikati ya miwa ya wenzake. Anahitaji wenye mashamba yanayomzunguka wakubaliane kuacha mpaka wa nyasi ndefu, kupanga siku ya kunyunyizia, na kubadilishana mbegu.

Maarifa tunayo, jina tunalo, na alama ipo tangu 2007. Kilichobaki ni majirani kumi wa Koyonzo, Khalaba au Mayoni kuketi chini ya mwembe mmoja, kufungua daftari na kuandika majina yao, la mama wa lile shamba la nyuma likitangulia.