Ulaya, Siku Zako Zinahesabiwa na Mashine

Msafiri anayetua Frankfurt au Amsterdam na pasipoti ya Kenya au Tanzania asitarajie tena kugongewa muhuri. Afisa uhamiaji anapitisha pasipoti kwenye mashine, anamwelekeza aitazame kamera, pengine anamtaka aweke vidole kwenye kioo, basi. Tarehe ya kuingia inakwenda moja kwa moja kwenye hifadhidata inayosomwa na nchi 29 za Ulaya. Mfumo huo unaitwa EES. Ulianza 12 Oktoba 2025 na ukapangiwa kuenea mipaka yote ifikapo 10 Aprili 2026. Ireland na Cyprus hazimo. Mwenye kibali cha kuishi katika mojawapo ya nchi hizo 29 pia haumhusu.

Sheria ya ukaaji ni ileile: mgeni wa muda mfupi anaruhusiwa siku 90 ndani ya kila siku 180. Aliyebadilika ni mhesabuji. Zamani afisa alipekua kurasa huku foleni ikimtazama, muhuri mmoja umefifia, mwingine umegongwa juu ya mwenzake. Aliyezidisha siku mbili tatu aliweza kupita bila kuulizwa. Sasa kompyuta inamtaja yenyewe.

Ndiyo maana hesabu ya siku 180 lazima ieleweke, na wengi hawaielewi. Wanadhani ni nusu mwaka inayoanza siku ya kwanza ya safari, ikiisha wanaanza upya. Sivyo. Kila siku unayokuwa Ulaya, mfumo unarudi nyuma siku 180 kuanzia siku hiyohiyo na kujumlisha siku zote ulizokaa humo. Siku ya kufika inahesabiwa hata kama umetua saa sita kasoro usiku, na ya kuondoka vilevile.

Chukua mama wa Mombasa mwenye viza ya kuingia mara nyingi, anayemtembelea bintiye Ujerumani. Ameingia 1 Machi akatoka 29 Aprili: siku 60. Anarudi 10 Julai kumlea mjukuu, tiketi ya kurudi ni 18 Agosti. Ukimuuliza atakwambia ana siku 40 tu, tena amekaa nyumbani zaidi ya miezi miwili, kuna ubaya gani? Lakini zile siku 60 bado zimo zote ndani ya hesabu, na zinaanza kudondoka moja moja kuanzia 28 Agosti. Amebakiwa na 30. Siku yake ya mwisho ni 8 Agosti. Kuanzia tarehe 9 amezidisha muda.

Kosa la pili limo kwenye stika ya viza. Ina tarehe ya kuanza na ya mwisho, na pembeni idadi ya siku. Watu husoma tarehe ya mwisho, wanaiacha idadi. Ubalozi huongeza siku 15 za tahadhari ili safari ikisogezwa viza isife, kwa hiyo unaweza kupewa viza ya 1 hadi 30 Juni yenye siku 15 tu. Ukiingia tarehe 1 ukakaa hadi tarehe 25 ukijiona uko salama, mfumo tayari umeshakuandika.

Alama za vidole zisiwatie watu hofu. Mwenye viza alishaziacha wakati wa kuomba, kwa hiyo mpakani zinalinganishwa tu, kinachoongezwa ni picha ya uso. Watoto chini ya miaka 12 hawachukuliwi vidole. Anayekataa kabisa haingii. Taarifa hukaa miaka mitatu baada ya kutoka, mitano ikiwa mfumo haukuona ukitoka, na polisi wanaweza kuzifungua katika uchunguzi wa makosa makubwa. Wale waliokuwa "wakipoteza" pasipoti ili mihuri ya zamani isionekane, mchezo umekwisha: pasipoti ni mpya, uso ni uleule.

Kuandikwa kwenye EES hakulipiwi hata senti. Kuna kibali kingine, ETIAS, kitakachotozwa euro 20, ila ni cha raia wasiohitaji viza. Pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zinahitaji viza, kwa hiyo wakala anayekuuzia ETIAS juu ya viza yako anakuibia mchana kweupe.

Hofu yangu iko kwenye mlango wa kutokea. Mashine ikiharibika, au foleni ikiharakishwa, unaweza kuondoka bila kuandikwa, na safari ijayo ukaonekana hukutoka kamwe. Sheria inakupa haki ya kuomba taarifa zako zisahihishwe, lakini utahitaji ushahidi. Kile kipande cha kupandia ndege ambacho watu hukitupa wakifika JKIA au Dar es Salaam, kihifadhi pamoja na tiketi, na hakikisha tarehe inasomeka.