Uchungu wa Uzazi: Kisomo, Kombe na Tiba Saidizi Katika Mizani ya Sheria

 

Maimamu wengi wa mwambao wanalijua jambo hili. Usiku hodi inabishwa, mume amesimama mlangoni na sahani nyeupe mkononi, anaomba aandikiwe kombe kwa kuwa mkewe yu katika uchungu tangu jana. Je, imamu aandike? Akatae kwa hoja kuwa ni bid'a? Au aulize kwanza mgonjwa yuko wapi na anaangaliwa na nani? Katika makala hii tunakusudia kueleza hukumu ya njia zinazotumika kupunguza maumivu na hofu wakati wa kujifungua, pamoja na mpaka wa njia hizo.

Kisa cha Maryam

Qur'an haikuudharau uchungu wa uzazi. Katika Surat Maryam (19:23-26) tunaelezwa kuwa uchungu ulimpeleka Bibi Maryam kwenye shina la mtende, akatamani lau angekufa kabla ya siku ile. Hakukemewa kwa maneno hayo. Aliitwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji, akaamrishwa atikise shina zimwangukie tende mbivu, ale, anywe na atulize jicho lake. Tukizingatia tutaona kuwa alipewa maneno ya kumliwaza, maji, chakula na harakati ya mwili. Basi anayemwambia mzazi anyamaze kwa kuwa kila mwanamke huzaa, hakujifunza kitu katika kisa hiki.

Msingi wa kisheria

Asili ya kujitibu ni kuruhusiwa. Mtume (S.A.W.) ameamrisha tujitibu na akakataza kujitibu kwa haramu (Abu Daud). Vile vile kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana (Ibn Majah) inahukumu kila dawa, ya hospitali na ya mitishamba. Na kupunguza maumivu si upungufu wa imani. Mzazi anayehitaji sindano ya ganzi au dawa nyingine ya maumivu kwa ushauri wa daktari muaminifu hana lawama.

Yaliyothibiti kwa wataalamu

Tiba saidizi ni zile zinazotumika pamoja na huduma ya mkunga, si badala yake. Mwaka 1933 daktari wa Uingereza, Grantly Dick-Read, alieleza kuwa hofu hukaza mwili, na mwili uliokazana huzidisha maumivu, na maumivu huzidisha hofu. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2018 linakubali mbinu za kuvuta pumzi na kulegeza mwili, kukandwa, kitambaa cha moto, kutembea, na kula na kunywa kwa mzazi asiye na hatari. Pia linasisitiza awepo mwenza ambaye mzazi mwenyewe amemchagua. Mapitio ya tafiti 26 zilizohusisha wanawake zaidi ya 15,000, yaliyotolewa mwaka 2017, yalionyesha kuwa wanaopata msaada wa mtu mfululizo hujifungua kwa njia ya kawaida zaidi na huhitaji dawa za maumivu kwa uchache zaidi. Hayo yote hayana pingamizi katika sheria. Mama, dada au shangazi akimkanda mgongo mzazi na kumsomea, amefanya ibada.

Kisomo na kombe

Kisomo kinajuzu maadamu hakina shirki, kama alivyobainisha Mtume (S.A.W.) katika Hadith ya Auf bin Malik (Muslim). Hirizi tunaikataza kutokana na makatazo ya Hadith juu ya kutundika. Kuhusu kombe, wanazuoni wamekhitalifiana. Ibn al-Qayyim (aliyefariki mwaka 751 H) amenakili katika Zaad al-Ma'aad kuwa Abdullah alimuona baba yake, Imam Ahmad bin Hanbal, akimwandikia mwanamke mwenye uzazi mgumu katika chombo cheupe. Wengine wamelichukia, na imepokewa hivyo kwa Ibrahim an-Nakhai. Riwaya inayotegemewa kutoka kwa Ibn Abbas ina udhaifu katika isnadi yake. Kwa hiyo anayeandika aya kwa zafarani na maji safi ana wa kumfuata, na anayeacha pia ana hoja. Wasitukanane.

Tende na mitishamba

Utafiti uliofanywa nchini Jordan na kuchapishwa mwaka 2011 uliwalinganisha wajawazito 69 waliokula tende sita kila siku katika wiki nne za mwisho na 45 wasiokula. Waliokula walianza uchungu wenyewe kwa wingi zaidi. Ni ishara nzuri, lakini idadi ni ndogo, na tende si dawa ya uzazi uliokwama. Ama mmea wa Kaff Maryam, ambao mahujaji huununua Makka na kuuloweka majini, hatujui Hadith sahihi juu yake. Tusiupachike kwenye dini.

Hatari kubwa iko katika dawa za miti za kuongeza uchungu. Kipimo chake hakijulikani, na mfuko wa uzazi ukibanwa kupita kiasi unaweza kupasuka, akafa mama na mtoto. Mtume (S.A.W.) amemfanya dhamini anayetibu bila ya kujulikana kwa utabibu (Abu Daud).

Mpaka wake

Uchungu uliozidi saa 12, damu nyingi, degedege, au mkono au kitovu kutangulia, hayo si ya kombe wala tende. Ni ya hospitali, mara moja. Wala mume asizuie kwa hoja ya daktari mwanamume. Baraza la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao cha Brunei mwaka 1993, liliweka utaratibu: daktari mwanamke Muislamu, akikosekana mwanamke asiye Muislamu, kisha mwanamume Muislamu, kisha asiye Muislamu, bila ya faragha na kwa kadiri ya haja.

Ni kweli kwamba anayefariki kwa uzazi amehesabiwa miongoni mwa mashahidi. Lakini daraja hiyo ni rehema kwake, haikuwa ruhusa kwetu ya kumwacha afe.

Kwa hiyo, ndugu imamu, hodi ikibishwa tafuta gari kwanza. Kisomo kitamfuata njiani na wodini.

Tunamuomba Allah (S.W.) awafanyie wepesi mama zetu, wake zetu na mabinti zetu. Wallahu a'lam.